Gugu la maua ya bluu linalotambaa kwenye mpunga: mbona likipaliliwa linaongezeka?

Mpunga_Butaleja

Habari zenu ndugu wakulima. Kuna gugu linalotambaa kwenye mashamba ya mpunga upande huu wa Doho, wilayani Butaleja, Uganda. Shina lake ni laini, lina mafundo, na kila fundo likigusa tope linatoa mizizi. Majani ni membamba yenye ncha, urefu kama wa kidole. Asubuhi lina maua madogo ya bluu, ikifika mchana yamesinyaa. Linaanzia kwenye tuta, linaingia majini, kisha linaulalia mpunga.

Palizi imefanyika wiki ya 3 na wiki ya 6 baada ya kupandikiza, na magugu yaliyong'olewa yakarundikwa juu ya matuta. Mvua ziliponyesha yakarudi, na sasa ni mengi kuliko mwanzo. Duka la pembejeo linashauri dawa mbili za kuua magugu: glaifoseti kwenye matuta na 2,4-D ndani ya mpunga. Hili ni gugu gani hasa, na kwa nini palizi inalizidisha? Hizo dawa zitafaa?

BwanaShamba_Manafwa

Ndugu, kwa maelezo hayo ni jamii ya Commelina, ile ambayo Waganda huita ennanda. Lakini ennanda si mmea mmoja, na kabla hujanunua chochote lazima ujue unayo ipi, kwa sababu zile mbili zinazosumbua zaidi hazishindwi kwa njia moja.

Chuma tawi lenye ua na utazame kile kikombe cha kijani kinacholibeba ua, kilichokunjwa mfano wa mashua. Kifungue polepole kwa kucha. Kama kingo zake ziko huru mpaka chini, kinafunguka kama kitabu, hiyo ni Commelina diffusa. Kama kingo zimeungana upande wa nyuma, kikombe kimekuwa kama faneli na kina vinyweleo, hiyo ni Commelina benghalensis. Kisha tazama mahali ala ya jani inapolifunika shina. Benghalensis ina nywele ndefu za rangi ya kutu mdomoni mwa ala, na jani lake ni pana kama yai. Diffusa jani lake ni jembamba kama ncha ya mkuki, sentimita 3 hadi 12 kwa urefu, na halina nywele za kutu.

Alama ya tatu iko ardhini. Ng'oa mmea mzima taratibu, usiukate. Benghalensis hutoa pia maua meupe yasiyofunguka chini ya udongo, kwenye vitawi vinavyofanana na mizizi, na huko huko hutengeneza mbegu. Diffusa haina maua ya chini ya ardhi. Mahali pa maji kama hapo kwenu nategemea uikute diffusa. Benghalensis hupenda zaidi penye udongo unaopitisha maji, kama kwenye kahawa, migomba na maharagwe, ingawa juu ya tuta kavu zinaweza kuota zote mbili bega kwa bega.

Msiichanganye na lile gugu jingine la majimaji lenye vishada vidogo vyeupe vilivyokaa kwenye makwapa ya majani bila kikonyo. Hilo ni Alternanthera sessilis, ndugu wa mchicha. Majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana. Ya Commelina hutoka moja moja kwa kupishana.

Jina lenyewe Commelina alilitoa mwanabotania Linnaeus kwa heshima ya ukoo wa Commelin wa Uholanzi. Ua lina petali mbili kubwa na moja ndogo, na alisema zile mbili ni wanabotania wawili waliosifika, ile ndogo ni mwenzao aliyefariki kabla ya kazi yake kuonekana. Ukikumbuka hilo hutalisahau ua.

Mama_Kitalu

Nijibu la palizi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza nguvu zao bure.

Shina la gugu hili limejaa maji. Ukiling'oa na kuliweka juu ya tuta lenye unyevu halikauki upesi. Linabaki bichi siku nyingi, na mvua ikija kila fundo linashusha mizizi. Kipande chenye fundo moja tu kinatosha kuwa mmea mpya. Shina moja la mafundo 10 likikatwakatwa kwa jembe, umejipandia miche 10. Kwa hiyo kurundika magugu kwenye matuta ni sawa na kuyahamishia kitalu.

Palilia kwa mkono tope likiwa laini, maji yakiwa machache. Shika shina karibu na mizizi, lifuate mpaka mwisho wake, litoke zima. Weka kwenye turubai au gunia unalolivuta nyuma yako, usirushe kando. Kisha uyatoe shambani kabisa. Yatandaze juu ya karatasi ya nailoni mahali pakavu penye jua kali, tabaka jembamba, uyageuze kila siku mpaka shina likunjwe na kuvunjika kama kijiti. Likipindika bila kuvunjika, bado ni zima. Msimu wa mvua jua halitoshi, hapo ni afadhali kulisha mifugo. Ng'ombe, mbuzi, nguruwe na sungura wote wanalipenda, ila lianikwe kwanza linyauke kwa sababu lina maji mengi, na mchanganye na majani makavu. Kama shamba limepigwa dawa, usilishe.

Wiki ya 3 na ya 6 si vibaya, lakini kwa gugu hili wiki ya 3 ni kama umechelewa. Anza siku ya 14 au 15, likiwa halijafika fundo la nne. Na usingoje mbegu. Ua linaishi nusu siku tu, lakini kila ganda linaweza kubeba hadi mbegu 5, na mmea unachanua mfululizo maadamu unyevu upo.

Mpunga_Butaleja

Asante sana Bwana Shamba na Mama. Vikombe vinafunguka mpaka chini na hakuna nywele za kutu, kwa hiyo ni diffusa. Shamba linatayarishwa kwa pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia inayoongozwa kwa mikono. Je, hiyo nayo inaleta shida? Na bado dawa.

Mama_Kitalu

Pawatila inaleta shida kubwa kama gugu bado liko hai shambani, kwa sababu meno yake yanalikatakata na tope linavipokea vile vipande. Kabla ya kuiingiza, kusanya mashina kwa reki, hasa mita moja ya pembezoni karibu na matuta. Lima mara ya kwanza maji yakiwa yametolewa, acha wiki 2 udongo ukauke na vipande vinyauke, ndipo uingize maji, uvuruge tope na kusawazisha.

Kusawazisha ndiko wengi wanakokuruka. Maji ya sentimita 5 baada ya miche kushika yanazuia mbegu nyingi za magugu kuota, lakini penye kinundu kilichochungulia juu ya maji, hapo hapo ndipo gugu linapoota. Miche ikishanyanyuka, ongeza maji hadi sentimita 10. Pandikiza kwa mistari, sentimita 20 kwa 20, mpunga ufunge kivuli mapema. Ila elewa hili: maji yanazuia mbegu, hayaui shina linaloingia kutoka kwenye tuta likiwa limeshikwa na mizizi ya nchi kavu. Shina hilo linaelea tu juu ya maji.

Pampu16

Kuhusu dawa. Commelina ina majani mapana kiasi, kwa hiyo watu huiweka kundi moja na magugu ya majani mapana. Kibotania sivyo. Iko upande wa mpunga na mahindi, mbegu yake hutoa jani moja la kwanza. Ndiyo maana 2,4-D inaipiga nusu nusu. Ikiwa changa, majani 2 hadi 4, inaathirika. Ikishatambaa na kushika mizizi kwenye mafundo inajikunja, inapata rangi mbaya, kisha baada ya siku chache inachipua upya. Tena kwenye miwa huko Hawaii, mwaka 1957, iliripotiwa kuwa Commelina diffusa imeizoea 2,4-D. Ni miongoni mwa taarifa za kwanza kabisa duniani za gugu kuzoea dawa. Kwa hiyo usiitegemee msimu baada ya msimu.

Ukiamua kuitumia, mpunga uwe umeanza kutoa machipukizi na usiwe umeanza kutunga mimba ya suke. Mapema mno unadhoofisha miche, na ukichelewa unaharibu suke. Toa maji ili majani ya gugu yawe wazi, piga asubuhi pasipo upepo, rudisha maji baada ya siku 2 au 3. Maji hayo yasitoke kwenda kwa jirani wala mtoni mara tu baada ya kupiga. Nyanya, maharagwe, pamba na kahawa huumia hata kwa mvuke kidogo, basi pampu ya 2,4-D iwe ya kazi hiyo tu.

Kipimo kisiwe cha kifuniko cha chupa. Pima eneo la mita 10 kwa 10, piga kwa maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, uone umetumia lita ngapi. Tuseme lita 2. Ekari ni kama vipande 40 vya namna hiyo, kwa hiyo unahitaji lita 80, sawa na pampu 5 za lita 16. Kama lebo inasema lita 1 kwa ekari (huu ni mfano wa hesabu tu, fuata lebo yako), basi kila pampu inapata mililita 200. Nunua iliyosajiliwa na Wizara ya Kilimo, chupa ikiwa na muhuri.

Glaifoseti kwenye tuta siipendekezi. Commelina inaivumilia kuliko magugu mengi, benghalensis hasa. Utakachoua ni nyasi zilizokuwa zinashindana nayo, uiachie Commelina tuta zima peke yake. Na tone likipeperuka, mpunga unakufa.

BwanaShamba_Manafwa

Nakubaliana kuhusu glaifoseti, na naongeza kwamba tuta likibaki uchi linabomoka kwa mvua. Fyeka la panga nalo halifai, linaacha mafundo chini. Paruza upande wa ndani wa tuta kwa jembe, ondoa vipande, kisha upake tope jipya unene wa kiganja, ulikandamize. Upande wa nje acha nyasi fupi zishike udongo.

Pia kuna wanaosema hili gugu ndilo linaleta ugonjwa wa mpunga kuwa wa njano. Virusi vya umanjano wa mpunga hukaa kwenye jamii ya nyasi, na Commelina si nyasi. Lakini kama una ndizi au mboga karibu, usiipuuze, kwa maana inahifadhi virusi vya mosaiki ya matango, na vidukari huvibeba kutoka kwayo.

Mpunga_Butaleja

Nimeelewa. Limebaki moja. Mfereji wa pamoja umejaa hilo gugu, na wengine wanalikata na kuliacha liende na maji.

Mama_Kitalu

Basi hapo utasafisha shamba lako bila mwisho. Vipande vinavyoelea ndivyo vinavyokupandia kila mara unapofungua maji. Zungumzeni kamati ya mfereji, msafishe wote wiki moja, mkianzia juu mkishuka chini, maji yakiwa yamefungwa, na kila mtu atoe magugu ya sehemu yake yapite ukingo wa mfereji, mbali na mahali maji yanapofika yakijaa. Wakati mnangoja, weka kwenye mdomo wa maji yako wavu wa matundu ya sentimita 1 au 2, au kichanja cha fito zilizobanana. Kitoe na kukisafisha kila asubuhi kabla ya kufungua maji, maana kikiziba maji yatapita juu yake na kuingia na vipande vyote.