Kesi ya Carlill: ule mpira wa moshi ulikuwa na nini ndani, na dawa za namna ile ziliuzwaje?

Wakili_Mtarajiwa

Wakuu, habari za jioni. Kila aliyepita darasa la sheria ya mikataba hapa Afrika Mashariki anaijua kesi ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company: tangazo la gazeti liliahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayetumia mpira wa moshi na bado akaugua mafua, Bi Louisa Carlill akautumia, akaugua, akadai na akashinda; ofa kwa ulimwengu mzima, imekwisha. Kile kifaa chenyewe hakuna anayekielezea.

Naomba wenye kujua wanisaidie. Mpira ule ulitumikaje na ndani kulikuwa na kitu gani? Je, ulizuia mafua hata kidogo? Na iliwezekanaje mtu auze kitu kama kile London ya 1891, mji wenye madaktari waliosajiliwa na mahakama zinazofanya kazi, bila kuulizwa na mtu? Hukumu nimeisoma, kwa hiyo upande huo msijisumbue sana.

---

Kinu_na_Mchi

Mkuu, naanza na kifaa.

Ulikuwa mpira wa kushika mkononi, mtupu ndani, wenye mdomo mdogo uliozibwa kwa kitambaa chembamba cha kuchuja. Ndani ulitiwa unga mkavu wenye asidi ya karboliki, ambayo siku hizi tunaiita fenoli. Mtumiaji anaweka mdomo wa mpira chini ya tundu la pua, anauminya, vumbi laini linatoka kama moshi, naye analivuta. Hakuna kinachowaka. Bei yake ilikuwa shilingi 10 pamoja na posta, na unga ukiisha unajaziwa mwingine kwa shilingi 5. Kwa kulinganisha, kibarua wa shambani Uingereza alikuwa akipata kama shilingi 13 hadi 15 kwa wiki nzima, hivyo mnunuzi hakuwa kabwela.

Kwa nini karboliki? Kwa sababu ilikuwa na jina zuri, na jina hilo lilikuwa la haki. Joseph Lister, daktari wa upasuaji, alichapisha mwaka 1867 matokeo ya kuitumia kwenye vidonda na mifupa iliyovunjika huko Glasgow, na baada ya hapo kila hospitali ilinuka karboliki. Frederick Augustus Roe, Mmarekani aliyeuleta mpira huu Uingereza na kuuandikishia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1889, alilichukua jina hilo zuri na kulihamishia puani.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Kwenye kidonda, bakteria wako juu na dawa inawafikia. Homa ya mafua ni virusi vinavyoingia ndani ya seli za njia ya hewa. Mwaka 1892 hakuna aliyekuwa akijua hilo: Richard Pfeiffer alikuwa amekamata bakteria na kusema ndiye mkosaji, na virusi vya mafua ya binadamu havikutengwa hadi 1933. Halafu kuna suala la kipimo. Fenoli kali inaunguza utando wa pua, ukageuka mweupe na kufa ganzi. Ukiipunguza hadi pua iweze kuivumilia, haiui kitu cha maana. Katikati ya hapo hakuna nafasi ya dawa.

Lakini mtumiaji anasikia kitu! Pua inawasha, anapiga chafya mfululizo, kamasi zinatiririka, kichwa kinaonekana chepesi. Mtu akipata hayo mara tatu kwa siku ataapa kwamba dawa inafanya kazi. Akizidisha, fenoli inaingia mwilini na mkojo unakuwa wa kijani kilichokolea au mweusi. Madaktari wa upasuaji wa enzi zile waliijua vizuri dalili hiyo.

Louisa Carlill aliutumia kuanzia tarehe 20 Novemba 1891 hadi 17 Januari 1892, siku aliyougua mafua. Karibu miezi miwili. Nadhani swali lako la pili limejibika.

---

Stempu_ya_Peni

Nachukua la tatu.

Sheria zilikuwepo, ila zote zilikuwa na mlango wa nyuma. Sheria ya madaktari ya 1858 ilianzisha rejista. Haikumkataza mtu kutibu, ilimkataza kudanganya kwamba yumo kwenye rejista. Sheria ya famasi ya 1868 iliweka sumu kadhaa, kasumba ikiwemo, mikononi mwa wafamasia, halafu ikaziacha nje dawa za siri zenye jina la biashara. Sheria ya vyakula na dawa ya 1875, iliyopiga marufuku kuuza dawa iliyochakachuliwa, nayo ikaziacha. Maana yake mfamasia aliyekuchanganyia kasumba kwa cheti cha daktari alikuwa na masharti mengi kuliko aliyeuza chupa yenye kasumba ileile na picha ya mama anayetabasamu.

Na serikali ilikuwa na sababu ya kutotaka ugomvi: ilikula humo. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 dawa hizi zilitozwa ushuru wa stempu. Kwa viwango vya 1812, dawa ya bei isiyozidi shilingi 1 ilitozwa peni moja na nusu. Isiyozidi shilingi 2 na peni 6, peni 3. Isiyozidi shilingi 4, peni 6. Ndiyo maana ukisoma matangazo ya enzi ya Victoria unakutana na bei za ajabu: shilingi 1 na peni 1½, au shilingi 2 na peni 9. Peni zilizozidi ni ushuru.

Stempu yenyewe ilikuwa utepe wa karatasi wa serikali unaobandikwa juu ya kifuniko, hufungui bila kuuchana. Sasa jiweke mahali pa mnunuzi: unaona alama ya serikali kwenye boksi la vidonge. Wengi waliichukulia kama kibali cha ubora, na wauzaji waliwaacha waamini hivyo. Baadaye serikali yenyewe ilibidi ichape juu ya stempu kwamba haitoi dhamana yoyote.

Kuhusu hataza, Roe aliandikisha kifaa, na katika hilo alikuwa tofauti na wenzake. Wenye vidonge na maji ya chupa waliikwepa, maana ukiomba hataza unaweka fomula hadharani na miaka ikiisha kila mtu anaitengeneza. Walichosajili ni jina na nembo, hasa baada ya sheria ya alama za biashara ya 1875. Jina halina mwisho.

---

Mzee_wa_Kijiweni

Kwa kifupi wazungu wa zamani walikuwa wajinga kama sisi tu 😂

---

Stempu_ya_Peni

@Mzee_wa_Kijiweni ujinga sio. Angalia hesabu ya vidonge vya Beecham, vilivyotoka St Helens, Lancashire, na kuuzwa kwa msemo kwamba kiboksi kina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa maabara. Kidonge kimoja kilikuwa na subili (utomvu mkavu wa mshubiri) nusu greni, tangawizi zaidi kidogo ya nusu greni, na sabuni ya unga ya kushikilia. (Greni moja ni kama miligramu 65.) Vidonge 56 viliuzwa shilingi 1 na peni 1½. Malighafi yake ilikadiriwa kuwa moja ya nane ya peni. Toa ushuru, zinabaki peni 12: mara 96 ya gharama ya vilivyomo.

Lakini subili ni haluli ya kweli, yaani dawa ya kufungua choo. Mtu wa kiwandani aliyefunga choo siku nne, kichwa kizito, tumbo limejaa gesi, akimeza viwili usiku, asubuhi mambo yanafunguka. Kidonge kimefanya kazi, tena kwa ratiba. Ujanja uko kwenye orodha ya magonjwa inayofuata: kizunguzungu, kukosa usingizi, ndoto mbaya, kuishiwa nguvu, mapigo ya moyo. Ukiponywa la kwanza, utaamini na mengine.

Pesa zilizobaki ziliingia kwenye matangazo. Thomas Holloway, wa vidonge na marhamu, inatajwa kwamba mwishoni mwa maisha yake alikuwa akitumia kama pauni 50,000 kwa mwaka kujitangaza. Alifariki 1883, na faida ilijenga chuo cha wanawake ambacho Malkia Victoria mwenyewe alikwenda kukifungua mwaka 1886. Ukiwa mhariri wa gazeti unayelipwa na watu hao, utaandika habari ya sabuni na tangawizi?

---

Wakili_Mtarajiwa

Shukrani sana wakuu. Nyongeza mbili. Zipo zilizoua watu moja kwa moja? Na baada ya kushindwa kesi biashara ile ilikufa?

---

Kinu_na_Mchi

Zipo, na hatari yenyewe ilikuwa kwenye zile zilizofanya kazi.

Godfrey's Cordial ndiyo mbaya kuliko zote kwa maoni yangu. Ilikuwa ya kunyamazisha watoto wachanga: kasumba, molasi, maji na viungo vya kuleta harufu. Kila duka lilikuwa na fomula yake, hivyo kijiko cha duka hili hakikuwa na nguvu sawa na kijiko cha duka la jirani. Mama akibadili duka, amebadili dozi bila kujua. Kibaya zaidi, chupa ikikaa kasumba ilizama chini. Vijiko vya mwanzo vikawa hafifu, mlezi akazoea kuongeza, na vijiko vya mwisho vikabeba mzigo wote. Mtoto analala na haamki. Wengine hawakufa kwa dozi moja: mtoto aliyelewa kasumba kila siku halii njaa, hanyonyi, anakonda taratibu, na kwenye cheti cha kifo kinaandikwa udhaifu.

Chlorodyne ya Dkt. Collis Browne ilikuwa ya watu wazima. Browne, daktari wa jeshi la Uingereza nchini India, aliichanganya mwaka 1848 kwa ajili ya kipindupindu: mofini, klorofomu, bangi, pamoja na mnanaa na pilipili. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo, kwa hiyo kuhara kunakata kweli. Haimrudishii mgonjwa maji na chumvi alizopoteza, na hilo ndilo linaloua kwenye kipindupindu. Na mwenye kuinywa kila maumivu yanapomjia, baada ya muda anainywa ili asitetemeke. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ndipo mahakama ziliamua kwamba dawa za siri zenye sumu zilizoorodheshwa lazima ziuzwe na wafamasia na zibandikwe neno la sumu.

---

Bandari_Kuu

Naongeza kipande kinachotugusa huku, maana si zote zilikuwa takataka. Richard Burton, mpelelezi Mwingereza, aliposafiri kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857 alibeba matone ya Warburg, dawa ya siri ya homa, na aliyasifu sana. Madaktari wengi waliyakataa kwa sababu moja tu, kwamba fomula haijulikani. Ilipotolewa hadharani mwaka 1875 ikaonekana kila aunsi ina kwinini kama greni 9½, juu ya subili na mitishamba chungu nzima. Utaratibu wake: kwanza mgonjwa anasafishwa tumbo, kisha nusu aunsi bila kuchanganywa na maji, na asinywe kitu, baada ya saa tatu, nusu aunsi ya pili. Kwinini ndiyo iliyokuwa ikitibu malaria. 

Na hiyo subili, baadhi yake ilipitia kwetu. Ile ya kisiwa cha Socotra ilisafirishwa mara nyingi kupitia Zanzibar, na wauza dawa wa London walikuwa na aina waliyoiita subili ya Zanzibar.

---

Hoja_ya_Pili

Mkuu Wakili, kuhusu biashara baada ya kesi: haikufa mara moja, na inafaa uone walivyojitetea, kwa sababu tangazo jipya ni somo zuri la uandishi wa masharti kuliko lile la kwanza.

Rudi kwanza kwenye la 1891. Lilidai kwamba katika mlipuko wa mafua uliopita maelfu ya mipira iliuzwa na hakuna kisa hata kimoja kilichothibitika cha mtumiaji kuugua. Neno la kuangalia ni "kilichothibitika". Nani alikuwa akithibitisha? Hakuna. Usipotafuta wagonjwa, hutawapata. Hiyo sentensi ilikuwa salama kabisa kisheria. Kilichowaponza ni ile ya pauni 1,000 zilizowekwa Alliance Bank, Regent Street, kuonyesha nia ya dhati. Ukishataja benki na mtaa, huwezi tena kumwambia jaji kwamba ulikuwa unapiga porojo za biashara.

Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu Desemba 1892. Februari 1893 tangazo jipya likatoka, zawadi imepanda hadi pauni 200! Lilisema maelfu ya mipira iliuzwa kwa tangazo la zamani na ni watu watatu tu waliodai pauni 100, eti huo ni uthibitisho kwamba dawa inakinga. Kesi waliyoshindwa imegeuzwa ushahidi. Kisha soma maandishi ya chini: ofa ni kwa walionunua kuanzia tarehe 1 Januari 1893, masharti yanaombwa ofisini, nakala yake lazima isainiwe na kukabidhiwa kampuni, London, kabla ya kuanza kutumia dawa, na mwisho ni 31 Machi 1893. Kila tundu ambalo Bi Carlill alipita limezibwa. Muda umewekwa, taarifa ya kukubali ofa imewekwa, na anayeugua bila karatasi hana dai.

Kwa sekta nzima mabadiliko yalichelewa sana. Kamati ya Bunge ilianza kuchunguza dawa hizi mwaka 1912, ikaandika ripoti kali, na ripoti hiyo ikatoka tarehe 4 Agosti 1914, siku Uingereza ilipoingia vitani, kwa hiyo hakuna aliyeisoma. Bunge likaenda kipande kipande: mwaka 1917 matangazo ya tiba za magonjwa ya zinaa yakapigwa marufuku, 1939 ya saratani, na mwaka 1941 ndipo watengenezaji walilazimishwa kuandika kilichomo ndani ya chupa. Sheria hiyohiyo ya 1941 ndiyo iliyoufuta ule ushuru wa stempu.