Nimepata 300 GRE, naombeni ushauri wa kurudia

Mtafuta Masta: Wakuu habari za jioni. Toka Jumamosi hata chakula hakipiti. Nimefanya GRE, ule mtihani wa kuombea masta, kwa ajili ya masta ya takwimu Marekani, hesabu 148 lugha 152. Pale mwisho kompyuta inakuuliza matokeo yahesabiwe au yafutwe, nikabonyeza yahesabiwe, namba zikatokea nikabaki nazitazama mpaka msimamizi akaja kunigusa bega. Nisomeje nirudie?

Kibo2: Pole sana mkuu. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, mwisho kufanya mara 5 kwa jumla ndani ya miezi 12, na unachagua matokeo ya kutuma chuoni. Ila kwa takwimu 148 ni ndogo. Ulisoma muda gani?

Mama Junia: Masta za nini jamani, mdogo wangu karudi na yake toka Uturuki sasa hivi anauza vifaranga na nyumba kashapaua.

Kibo2: Mleta mada hujajibu.

Mtafuta Masta: Wiki tatu, usiku nikimaliza kusahihisha madaftari. Mi ni mwalimu wa hesabu sekondari, kwa hiyo hesabu sikuigusa nilikariri misamiati tu.

Mzee wa Kijiweni: Hii chai. Mwalimu wa hesabu apate 148 kwenye asilimia na pembetatu? Mods ondoeni huu uzi.

Mtafuta Masta: Sio chai kaka angu. Swali moja la grafu lilinishika dakika sita, kikokotoo kiko kwenye skrini unabonyeza kwa mausi tarakimu moja moja, muda ukaisha kuna maswali matano sijayasoma, na yale ya wasiwasi niliyaacha wazi nikijua ukikosa wanakata maksi.

Kibo2: Hawakati! Jaza yote hata kwa kubahatisha. Na ukiharibu sehemu ya kwanza ya hesabu, ya pili wanakupa nyepesi, hata ukiipata yote hufiki juu. Maswali 12 dakika 21, halafu 15 dakika 26. Jipe miezi miwili.

Mtafuta Masta: Nimeshalipia, siku ya 22. Dola 220.

Mama Junia: Mwalimu, laki tano na ushee hizo umetoa wapi?

Mtafuta Masta: Za mchezo wa upatu. Wife ndo kijumbe, zilikuwa kabatini. Nitarudisha mshahara ukitoka, na mwisho wa kuomba chuo ni Desemba, ningefanyaje?

Mama Junia: Nani anapokea Jumapili hii? Watakayemsema ni yeye sio wewe, wataambizana kijumbe kala hela za wenzake. Mwambie leo, nakuomba.

Kibo2: Na tarehe unaweza kusogeza ukiwahi, kuna ada lakini.

Mtafuta Masta: Tarehe siisogezi. Hilo lingine ngoja amlaze mtoto.

Kibo2: Haya, ukitoka hapo weka saa ufanye maswali 12. Dakika mbili zikipita halijakaa, weka alama uruke, utalirudia. Tunasubiri mrejesho, wa yote mawili.