Mashindano ya baiskeli msituni yanadumuje miaka 40?

Kijana wa Muheza
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Sisi vijana kadhaa wa hapa Muheza tunataka kuanzisha mashindano ya baiskeli ya kupita msitu wa Amani. Kwenye kikao jamaa mmoja akatukatisha tamaa, akasema yatafanyika mwaka mmoja yafe, kama ligi nyingi za mtaani. Mwingine akambishia kwamba Marekani kuna mashindano ya baiskeli ya msituni yapo tangu miaka ya 80 na hadi leo watu wanagombea nafasi. Anayeijua historia yake naomba anieleze. Yalianzaje, na kwa nini hayakufa? Nataka niende kikaoni nikiwa na la kusema.

Fundi Ngamiani
Marahaba mdogo wangu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, na habari za mashindano hayo nazifuatilia kwa mapenzi. Yanaitwa Chequamegon. Yako jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, kwenye msitu wa taifa wenye jina hilo. Yalianza 1983, na siku hiyo ya kwanza walijitokeza wapanda baiskeli 27 tu. Pale Deep Sea alfajiri utakuta wengi kuliko hao wanasubiri mashua za samaki.

Usiwacheke kwa uchache wao. Mwaka ule baiskeli ya mlimani yenyewe ilikuwa kitu kigeni. Miaka michache nyuma, huko California, kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wakikusanya baiskeli kuukuu nzito za matairi manene na kuteremka nazo mlimani. Kuanzia 1976 wakawa wanapimana kwa saa, kwenye mteremko wa kilomita 3 na ushee unaoshuka mita 400 hivi. Breki zao zilikuwa zile za kurudisha pedeli nyuma, zilizomo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Wakifika chini habu inafuka moshi. Grisi imeungua yote, lazima waifungue, wafute, wapake mpya ndipo washuke tena.

Hapo mimi nasikia harufu kabisa. Ukifungua habu iliyoungua unakuta golori zimebadilika rangi, grisi imekuwa masizi makavu, unakwangua kwa bisibisi. Taabu hiyo ndiyo iliyowafanya waache kuokoteza makuukuu. Breeze akaunda fremu yake mwenyewe 1977, na 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya kwanza ya mlimani kuuzwa kwa wingi. Baiskeli za gia tunazopata kwenye mitumba hapa Tanga ukoo wake ni huo. Kwa hiyo wale 27 wa Wisconsin waliingia msituni miaka 2 tu baada ya baiskeli yenyewe kufika madukani.

Sasa swali lako la kudumu. Wanaanzia mji wa Hayward, wote kwa pamoja katika barabara kuu, halafu wanazama msituni hadi jirani na mji mdogo wa Cable, kama kilomita 64. Gary Crandall, aliyeyasimamia kwa miaka mingi, hakuhitaji kufyeka njia yote upya. Sehemu ya njia ilikuwa ya American Birkebeiner, mashindano ya kuteleza juu ya theluji yaliyokuwapo tangu 1973. Wenyeji walishazoea kupokea umati, na wakati wa joto njia ilikuwa imekaa bure. Watu wa baiskeli wakaishika Septemba, kabla theluji haijaanguka.

Kitu cha pili, na mimi hiki nakiheshimu sana: kuna mbio fupi ya kilomita 26 siku hiyohiyo. Mama wa nyumbani anaingia, mwanafunzi anaingia. Na kwenye ile ndefu, Greg LeMond, bingwa wa Tour de France, ile mbio kubwa ya baiskeli ya Ufaransa, 1986, 1989 na 1990, amewahi kushindana na kushinda palepale, njia moja na mwalimu wa shule ya msingi. Watu wakazidi mpaka wakawekewa kikomo, na nafasi zikawa zinatolewa kwa bahati nasibu. Mashindano ya mabingwa peke yao yanakufa siku mfadhili anapoondoka. Haya yana wenyewe.

Mama Shebomeza
Wanangu, mimi naishi huku juu Amani. Wazo ni zuri, lakini msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, si uwanja wa mpira. Nendeni kwanza kwa watu wa TFS, wakala wa serikali wa misitu, mpate kibali, na njia yenu iwe barabara ya Zigi na zile za mashamba ya chai. Vijia vya ndani msiviguse. Kuna mimea huku kwenye miamba ya vijito haipatikani kokote nje ya milima yetu, tairi moja linaifuta. Na msipange Aprili. Udongo wetu mwekundu ukilowa, hata anayetembea kwa miguu anashika miti.

Halafu nyie wa mjini mnaongea kama baiskeli ni ngeni Amani. Vijana wetu wanateremka nazo kila msimu na magunia ya iliki, mdalasini na pilipili manga, pengine breki ni soli ya kandambili. Hao hamjawataja hata kidogo.

Fundi Ngamiani
Mama, nakushukuru sana kwa hilo la mwisho. Mdogo wangu, lishike hilo. Norway kuna mashindano ya baiskeli, Birkebeinerrittet, yalianza 1993, kutoka Rena hadi Lillehammer, yakifuata nyayo za yale ya theluji ya huko, ya tangu 1932. Sharti lao lilikuwa kila mpanda baiskeli abebe mgongoni mzigo usiopungua kilo 3.5. Ni kumbukumbu ya mwaka 1206, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambapo askari walimvusha mtoto Håkon milimani kwenye theluji ili asiuawe. Hakuwa ametimiza hata miaka 2. Mwaka 1217 akawa mfalme.

Wao walichukua kisa cha milima yao. Ninyi mnacho chenu, na kinapita barabarani kila siku. Wapeni wabeba viungo mbio yao, baiskeli ya kawaida, mzigo mgongoni au kwenye keria.

Kijana wa Muheza
Ahsanteni sana. Mzigo tuweke kilo ngapi? Na uende juu au chini?

Mama Shebomeza
Juu, mwanangu. Kuteremka na mzigo kwa kushindana mtatuzikia watoto.

Fundi Ngamiani
Juu. Kilo waulizeni wabeba iliki wenyewe, wakae kwenye kikao chenu tangu mwanzo. Na mkipata tarehe niambieni, nitapanda Muheza siku moja kabla nikague raba za breki na minyororo ya kila baiskeli, bila malipo. Asiye na breki haanzi.