Meza ya kujazia risasi chumbani, na barua ya ofisi ya jengo

Kutoka: Mpangaji wa Ghorofa ya Pili

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi.

Wiki iliyopita mkaguzi wa ofisi ya jengo aliingia kwangu kuangalia king'ora cha moshi, akaiona meza ninayojazia risasi, yaani ninayotengenezea risasi upya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, na juzi nimepokea barua inayonitaka nieleze kwa maandishi, ndani ya siku 10, ni vitu gani vya hatari ninavyohifadhi. Grini kadi ninayo, leseni ya uwindaji ninayo, na sijamuuzia mtu hata risasi moja. Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, barua ya namna hii hujibiwaje: kuna fomu maalumu, au naandika kwa maneno yangu? Pili, kwa kuwa watarudi kukagua, nataka kuipanga upya meza hiyo katika chumba cha mita 2 kwa 3, kwa sababu nikishajaza risasi 50 mgongo haunyooki.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Marahaba, kijana wangu. Mgongo wako unalalamikia kimo cha meza. Meza ya kukalia huwa na sentimita 71 hadi 76, na ya kusimamia sentimita 90 hadi 107, lakini namba hizo ni za kuanzia tu. Kaa au simama kama utakavyofanya kazi, ushike mpini wa presi, yaani ile mashine ya mkono ya kukandamizia maganda, uushushe mpaka mwisho: ukilazimika kuinama ili ufike, presi imekaa chini mno. Mimi niliinyanyua yangu kwa gogo la mbao ngumu, nikaiacha meza yenyewe ibaki ya kukalia, na tangu hapo naweza kufanya kazi jioni nzima. Presi ifungwe kwa bolti zinazopenya ubao mpaka upande wa chini, tena karibu na mguu wa meza, kwa sababu ukiifunga katikati ubao utapinda kila unapokandamiza ganda. Kisha meza uikaze kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta.

Kutoka: Msomaji wa Fomu

Kabla ya mbao na bolti, ndugu yetu aitazame I-94 yake, yaani kumbukumbu yake ya kuingia Marekani. Aliyeingia kwa viza ya muda haruhusiwi na sheria ya Marekani kuwa na bunduki wala risasi, ila awe na leseni ya uwindaji iliyo hai au awe miongoni mwa makundi machache yaliyosamehewa. Nilipojaza 4473, fomu ya kununulia bunduki dukani, nikiwa bado na viza ya kazi, nilirudishwa nyumbani kwa sababu leseni yangu ilikuwa imekwisha muda siku chache kabla.

Kutoka: Mama wa Wawili

Kaka, amesema ana grini kadi, tena ameisema mapema kabisa. Na wewe Mzee Fundi, kwa heshima zote, huyu ni mpangaji. Akitoboa ukuta, ofisi itamwandikia barua ya pili. Aweke rafu chini ya meza na kuyapanga humo masanduku ya vichwa vya risasi, ambavyo ni vizito kiasi cha kuituliza meza yoyote.

Kwa lugha yetu neno "risasi" ni hicho kinachopigwa na ni ile metali pia, na mimi naiogopa zaidi metali. Vumbi linalotoka kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa lina risasi ndani yake, kwa sababu ya mabaki ya fataki, yaani kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachoiwasha baruti, na watoto hutia mikono mdomoni. Chumba chenye zulia hakifai. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, wala baruti iliyomwagika isifyonzwe kwa mashine ya vumbi, maana cheche ya mota inatosha kuiwasha. Kikombe cha chai kisikanyage meza hiyo. Kwetu maganda husafishwa nje ya nyumba, na mlango wa chumba una kufuli.

Kutoka: Mwindaji wa Msimu

Barua hiyo isimtishe, mradi baruti yake haizidi pauni 25.

Kutoka: Msomaji wa Fomu

Ni pauni 20, yaani kilo 9 hivi, na ziwe katika makopo yake ya asili. Ukizidi hapo mpaka pauni 50 unahitaji kabati la mbao lenye kuta za inchi moja. Fataki zisizidi 10,000. Hayo yamo katika NFPA 495, kanuni za Marekani za usalama wa vilipuzi, ambazo nazo haziwi sheria mpaka serikali ya mahali hapo izipitishe, na mkataba wa upangaji unaweza kubana zaidi.

Kutoka: Mwindaji wa Msimu

Haya, 20. Niongeze ninalolijua kwa mikono yangu. Juu ya meza kuwe na kopo moja tu la baruti, lile unalolitumia, na ukimaliza urudishe baruti humo humo. Niliwahi kuiacha katika kipimio cha plastiki kwa majuma kadhaa. Plastiki iligeuka rangi, na nilikuwa nimesahau ni baruti ya aina gani, nikalazimika kuimwaga yote. Mizani nayo ikae kwenye rafu yake, mbali na mtikisiko wa presi na upepo wa kiyoyozi. Jioni moja niliilaumu mizani nzima bure, kumbe tundu la hewa lilikuwa juu yangu. Maganda yatoke kushoto yaende kulia bila kurudi nyuma, na taa iwe ya shingo ndefu, ili uchungulie ndani ya kila ganda kabla ya kuliziba kwa kichwa. Ganda lililotiwa baruti mara mbili hupasua bunduki.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Nakubali kosa la ukuta. Marehemu babu alikuwa na gobori, na baruti na fataki zake zilikaa katika mifuko miwili tofauti ya ngozi. Meza hakuwa nayo, ila sikuwahi kumwona akiviweka pamoja. Namkumbuka kila ninapoziweka fataki upande wa pili wa chumba.

Kutoka: Mpangaji wa Ghorofa ya Pili

Nawashukuru sana. Zulia nimeliondoa, presi imepanda, na mizani imehamia kwenye rafu yake. Zimebaki siku 3, na barua bado sijaijibu. Je, kuna fomu?

Kutoka: Fundi Mstaafu

Kijana wangu, hiyo presi umeifunga upande gani wa dirisha?