Tupeane uzoefu: kuzunguka Goma kwa pikipiki, taksi na boti

MwanaHimbi
Hamjambo wapendwa. Wageni huja kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, kwa ajili ya Ziwa Kivu na volkano ya Nyiragongo, lakini wakirudi makwao husimulia zaidi habari za njiani: motari (dereva wa pikipiki) aliyewabeba, taksi waliyobanana, boti waliyovukia. Naomba kila mmoja aandike aliyoyaona mwenyewe, siyo aliyosikia. Tuwasaidie wanaokuja.

Naanza mimi. Goma haina mabasi ya ratiba. Kuna pikipiki, kuna taksi-basi zinazofuata barabara kubwa, kuna taksi ndogo. Na hapa mtu hatafutwi kwa namba ya nyumba, anatafutwa kwa alama, yaani mahali panapojulikana na wote: Instigo, Signers, Entrée Président, Birere, Katindo, Majengo, Ndosho. Mwaka jana nilimpokea binamu yangu kutoka Kinshasa. Alikuwa na anwani kamili kwenye simu, jina la avenue na namba, na kila motari aliyemwonyesha alitikisa kichwa. Nikampigia nikamwambia aseme "nyuma ya Instigo". Akafika moja kwa moja. Kwa hiyo kabla hujatoka, muulize mwenyeji wako: nikipanda, niseme naenda karibu na nini?

MamaWaVirunga
Asante kwa kufungua mada, MwanaHimbi. Mimi nauza sokoni Virunga hapa mjini, na mzigo wangu hauendi kwa pikipiki, kwa hiyo taksi-basi ndiyo ninayoijua. Gari haliondoki mpaka lijae. Ukiwa na haraka usiingie la kwanza unaloliona tupu, angalia lililobakiza nafasi mbili tatu. Shika franga ndogondogo (pesa za Kongo) mkononi kabla ya kupanda. Dola zinatembea hapa mjini, lakini si kwa nauli, na noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni hakuna atakayeipokea. Noti za dola moja nazo wengi huzikataa. Mgeni abadilishe pesa kwanza, ndipo aanze kutembea.

Halafu jamani, salimia. Ukiingia ukasema "jambo wamama, jambo wapapa", gari zima litakuambia ushukie wapi.

MotariWaKatindo
Mimi naendesha, basi niseme upande wetu, maana watu hulalamika kuhusu bei bila kujua inapatikanaje.

Bei ya pikipiki ni makubaliano, hakuna mashine ya kuhesabu. Tunaangalia umbali, kweli, lakini tunaangalia njia zaidi. Kutoka Signers kwenda Katindo ni lami, gurudumu linateleza tu. Ukiniambia niingie ndani ya mitaa ya Mabanga au Ndosho, pale chini ni mawe meusi ya volkano. Yanakata mpira wa gurudumu, yanavunja vyuma vya kuzuia mshtuko, na fundi nitamlipa mimi. Mvua ikinyesha bei inapanda. Mafuta yakipanda bei inapanda siku hiyohiyo, kabla hata redio haijasema. Saa za wanafunzi kutoka shule pia.

Kwa hiyo mgeni afanye hivi: ataje alama, aulize bei, wakubaliane, ndipo apande. Akipanda kimya na kuuliza akishafika, hapo ugomvi umeshaanza, na motari hatakubali kushindwa mbele ya wenzake. Kama hujui bei ya kweli, muulize mama anayeuza vocha pale kona, atakuambia bila kukuficha. Na ukiona ninakwenda mbio, niambie "polepole, papa". Sitakasirika. Mimi naenda mbio kwa sababu abiria wengi ndivyo wanavyotaka.

Kitu kimoja kinaniuma: kofia ya kinga. Wengi wetu tuna moja tu, ya dereva. Mgeni anayekaa muda mrefu anunue yake. Kichwa ni chako.

YayaWaKeshero
@MotariWaKatindo umesema vizuri, kaka, hasa hilo la kofia. Naongeza kwa akina dada. Sisi nyumbani tuna motari wetu. Tunajua anapoishi, mama yake tunamjua, ndiye anayepeleka watoto shule na ndiye ninayempigia nikichelewa kazini. Mgeni wa kike akifika, mwenyeji wake ampe namba ya motari wa familia, siyo kumwacha akasimame barabarani na mizigo.

Usiku ni jambo jingine. Kumekuwa na vipindi ambavyo pikipiki zilikatazwa kuanzia saa kumi na mbili jioni kwa sababu za usalama, na amri hubadilika. Uliza siku hiyohiyo, hata kama wiki iliyopita ziliruhusiwa. Mimi giza likiingia nachukua taksi ya mtu ninayemjua, na nalipia gari zima nisichanganywe na abiria wengine. Ni ghali, lakini nafika.

Na ubebe kitambaa cha pua. Kiangazi vumbi jeusi la mitaani linaingia mpaka kwenye meno.

MtuWaIbanda
Mimi ni wa Bukavu, mji ulioko kusini mwa ziwa, Goma nakuja kwa kazi, na njia yangu ni ziwa. Boti za mwendo kasi huchukua saa chache tu. Meli kubwa za usiku unalala ndani, unaamka Bukavu. Nazipenda za usiku kwa sababu bei ni nafuu na unaweza kubeba mzigo, ila ufike bandarini mapema upate pa kulala.

Lakini naomba tuseme wazi kuhusu mitumbwi na boti za kujaza. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, mji wa kando ya ziwa, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka ufukweni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Siku zile barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita, watu hawakuwa na njia nyingine. Nilijuana na waliokuwa ndani. Tangu hapo sipandi bila jile (koti la kuokolea) lililofungwa mwilini, si lile lililorundikwa pembeni na kamba zimesokotana. Nikiona boti imedidimia mno majini kwa uzito, nashuka, hata kama nimeshalipa. Nimewahi kufanya hivyo, abiria wengine wakanifuata, na mwenye boti akalazimika kupunguza.

MvukaBarriere
Pole sana, MtuWaIbanda.

Kwa wanaotoka nje: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika mjini, na wageni wengi tangu hapo wamekuwa wakishukia Kigali. Unachukua basi Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, mpaka Rubavu, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, kisha unavuka mpaka kwa miguu. Kuna vivuko viwili. Petite Barrière ndiyo ya wafanyabiashara wadogo, asubuhi imejaa watu na mabeseni. Grande Barrière iko upande wa ziwa na ina utulivu zaidi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wataiuliza. Upande wa Rwanda motari anakupa kofia kabla hujakaa. Ukishavuka, rudi kwenye maneno ya MotariWaKatindo hapo juu.

MwanaHimbi
Asanteni. Naongeza kidogo kwa wageni wanaotaka kupiga picha chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo: wale vijana wanateremka na magunia ya mamia ya kilo, na breki yao ni mguu na kipande cha mpira tu. Usisimame mbele yao kwenye mteremko. Sanamu ya dhahabu ya chukudu iko pale kwenye mzunguko wa barabara, haitembei, ipige picha unavyotaka.

KijanaWaMajengo
Swali: nina wageni wanaotaka kwenda Kibati kupanda Nyiragongo. Pikipiki au gari?

MotariWaKatindo
Gari, ndugu yangu, kwa sababu ya mizigo yao na ya baridi ya kurudi. Lakini usilikodi kabla hujauliza mbuga ya Virunga yenyewe kama kupanda kumeruhusiwa. Tangu mlipuko wa 22 Mei 2021 mlima umekuwa ukifungwa, na barabara ya Rutshuru, inayopita Kibati, nayo ina habari zake. Ukishapata jibu lao, niandikie, nitakuonyesha dereva anayeijua njia ile.