Mjadala: Mbegu zenye dawa zipigwe marufuku au tubane vumbi kwanza?

Wadau wa Kanda ya Ziwa, naona ubishi ni uleule, mmoja anasema mbegu za mahindi zilizopakwa dawa zinamaliza nyuki zipigwe marufuku, mwingine anajibu dawa ikishafukiwa nyuki ataikuta wapi. Mimi nafuga na nalima huku Magu, na naona wote wanaliruka suala la vumbi.

Chukua mfuko wa mbegu zile za rangi, mwaga, angalia unga uliobaki chini. Ule unga una dawa ya wadudu. Ukipanda kwa jembe mwingi unaishia shimoni. Kasheshe ni planta za trekta za upepo, feni inanyonya hewa ili mbegu zishike kwenye sahani moja moja, sasa hewa hiyo lazima itokee mahali, inatoka na ule unga, ukikutana na upepo wa ziwani wa mchana unatua kwenye maua ya magugu pembeni ya shamba na kwenye madimbwi wanakokunywa nyuki. Baadaye unawakuta chini ya mzinga wanatetemeka, wanajizungusha, kuruka hawawezi.

Na hili lilishatokea. Ujerumani 2008, bonde la mto Rhine, dawa ya klothianidini haikugandia vizuri kwenye mbegu za mahindi, makundi zaidi ya 11,000 ya nyuki yakaathirika, serikali ikasimamisha vibali mwezi Mei mwaka huohuo.

Mdau wa Misungwi: Sasa mkuu si umejijibu mwenyewe? Ulaya 2018 walizuia klothianidini, imidaklopridi na thiamethoksamu zisitumike nje kabisa, zibaki kwenye nyumba za vioo tu. Sisi tubaki tunahangaika na mabomba ya kushusha hewa ya planta chini? Halafu dawa yenyewe inapanda na mmea mpaka kwenye chavua, hilo bomba litaizuia?

Ndugu yangu hapo kwenye chavua upo sahihi, bomba halizuii hiyo. Ila niambie, mkulima aliyenyang'anywa mbegu yenye dawa na wadudu wanamkatia miche atafanya nini? Atabeba bomba la mgongoni apulize shamba zima, na huku kwetu watu wanapuliza hata pamba ikiwa na maua, saa nne asubuhi nyuki wamejaa humo. Hicho ndicho kinaniogopesha kuliko mbegu.

Kwa hiyo msimamo wangu, planta ya upepo isiingie shambani bila kifaa cha kuelekeza hewa chini kwenye udongo, hakimalizi vumbi lote ila kinapunguza sana. Upepo ukiwa mkali usipande. Mwenye mizinga jirani aambiwe siku moja kabla, simu tu jamani, afunge au ahamishe. Na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wanaposajili dawa za kupaka mbegu wadai kipimo cha unga unaobanduka, sio kuangalia kama inaua wadudu basi.

Wenye trekta za kukodisha mpo humu, hewa ya planta zenu inatokea juu au chini?