Mjadala: Kinamasi kipewe kura barazani?

Mtoto_wa_Mafunjo: Jamani, tuwaze mwaka 2045. Kinamasi cha Lubigi, hapa Kampala, Uganda, kina kiti katika baraza la jiji, na anayekalia kiti hicho ni programu ya akili bandia. Inasoma vipimo vya maji usiku na mchana, inatazama picha za setilaiti, na mtu akiomba kibali cha kufukia, inapiga kura. Ikikataa, imekataa. Msiseme naota. Sheria ya Mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inatambua kwamba maumbile yana haki ya kuwepo. Albania nayo mwaka 2025 ilimtangaza "waziri" wa akili bandia, Diella, asimamie zabuni. Mngekubali?

Boda_Nateete: Nakubali leo, nisingoje 2045. Mashine haili hongo. Mwaka 1994 ardhi oevu ilikuwa kama asilimia 15 ya nchi, sasa ile ambayo haijaharibiwa haifiki 10. Walioifukia ni watu wenye mihuri.

Mama_Bwaise: Haili hongo, lakini inalishwa na wanaokula. Mwanangu, kiwanja changu nilikinunua kwa karatasi yenye muhuri. Miaka ikapita, akaja kijana na kopo la rangi nyekundu, akachora X ukutani, juu kidogo ya doa la mafuriko. Kesho yake asubuhi, tingatinga. Aliyegonga muhuri hakuguswa. Setilaiti yenu ingemwona yeye?

Boda_Nateete: Pole mama. Ila Katiba ya 1995 inasema ardhi oevu serikali inaishikilia kwa niaba ya wananchi wote. Ungeuliza kwanza.

Mama_Bwaise: Niulize wapi? Niliuliza ofisi hiyo hiyo iliyogonga muhuri!

Ssebo_Mengo: Na hiyo mashine itasema na watu kwa lugha gani? Isije ikawa Kiswahili. Huku kwetu hiyo ni lugha ya askari.

Mwalimu_Arua: Hapo umenichoma. Mimi nimebembelezwa kwa Kiswahili. Marehemu mama yangu aliuza samaki Panyimur kwa Kiswahili, akatusomesha sote. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili. Na wewe hapa unaandika kwa lugha gani?

Ssebo_Mengo: Naandika kwa sababu biashara ya Busia, mpakani na Kenya, ilinifundisha upya. Mama yako sijamtukana. Nilikuwa na miaka sita, usiku, mlango unapigwa teke: "Fungua!" Hilo ndilo neno langu la kwanza la Kiswahili. Baba hatukumwona siku nne. Usiniambie nisahau.

Mwalimu_Arua: Pole sana, ndugu yangu. Hilo sikulijua. Lakini mwenye kosa ni aliyepiga teke, sio neno.

Ssebo_Mengo: Neno ndilo nililolisikia. Uso wake sikuuona.

Mvuvi_Ggaba: Turudini kwenye maji. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavuka rekodi ya 1964. Kipimo kilisema kweli kila siku. Sisi Ggaba tulihamisha nyavu na magodoro, maji kiunoni. Habari zilikuwepo, wa kuzifanyia kazi ndiye hakuwepo.

Boda_Nateete: Ndiyo sababu nasema kipimo kipewe kura!

Mvuvi_Ggaba: Kikipiga kura ya kunihamisha mimi kwanza na hoteli baadaye, utanitetea?

Mama_Bwaise: Suala la lugha msiliruke, mimi linanihusu. Kwenye ilani niliandikwa "mvamizi". Iliandikwa kwa Kiingereza, jirani ndiye aliyenisomea, akashusha sauti alipofika hapo. Mtoto wa Mafunjo, programu yako itaniita nani?

Mtoto_wa_Mafunjo: Hilo sikuliwaza, mama. Niliwaza sauti ya kinamasi tu. Ungependa ikuite nani?

Mama_Bwaise: Mnunuzi. Nilinunua. Risiti ninayo.